Kaa Lililobaki Chini ya Majivu

SOMO LA WIKI
Maandiko: Ezekieli 33:1-6, Mithali 24:30-34, Yakobo 3:5-6

Wale mliolelewa kijijini mnakumbuka vile mama au shosho alivyokuwa akifanya usiku. Hakuwa anazima moto. Alikuwa anasukuma makaa pamoja, anayafunika na majivu, halafu mnaenda kulala. Ukiangalia jikoni unaona kijivu tu, baridi. Lakini asubuhi anapangua yale majivu, anapuliza kidogo, na chai inapikwa. Hakuna kiberiti kilichotumika.

Nataka ushike hiyo picha, kwa sababu kuna mji mzima ulioungua kwa njia hiyo.

Mji wenyewe unaitwa Lahaina, katika kisiwa cha Maui, Hawaii, huko Marekani. Zamani ulikuwa makao makuu ya ufalme wa Hawaii. Tarehe 8 Agosti 2023, upepo mkali sana ulikuwa ukivuma kutoka milimani kuelekea baharini. Nguzo za stima zikaanguka. Asubuhi, karibu saa kumi na mbili na nusu, nyaya zilizokatika zikawasha majani makavu juu ya mji. Zima moto wakaja, wakapambana, na karibu saa tatu wakatangaza kwamba moto umedhibitiwa. Hawakukimbia kurudi ofisini. Walikaa pale saa kadhaa wakimwaga maji na kuangalia. Walipoona hakuna moshi wala mwali, wakaondoka baada ya saa nane mchana.

Kabla ya saa tisa moto ulikuwa umerudi.

Jioni hiyo mji ukateketea. Watu 102 walikufa, wengi wao wazee wa zaidi ya miaka 60. Majengo zaidi ya 2,000 yaliharibiwa. Magari yalikwama barabarani kwa foleni, huku nguzo zilizoanguka zimefunga njia. Mabomba yakakosa nguvu ya maji. Watu wengine waliruka baharini wakakaa majini kwa masaa, wakipumua moshi. Kanisa la Waiola, ambalo mwaka huohuo lilikuwa limeadhimisha miaka 200, likaungua pia. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Oktoba 2024 ilisema wazi: ule wa asubuhi na ule wa mchana ulikuwa moto mmoja. Kitu fulani kilibaki kikifuka chini, upepo ukakichukua.

Sasa tuangalie mambo matatu.

1. SHAMBA LILILOACHWA

Huo moto ulikula nini? Ulikula majani. Kwa zaidi ya miaka mia moja, ardhi iliyozunguka Lahaina ilikuwa mashamba ya miwa, yakinyunyiziwa maji. Kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1999. Mashamba yakaachwa, na majani ya kigeni yakajaa mpaka karibu na nyumba za watu. Na unajua majani hayo mengi asili yake ni wapi? Ni huku kwetu Afrika! Yalipelekwa huko kulisha ng'ombe. Huku kwetu ng'ombe, punda milia na swara wanayala yanabaki mafupi. Kule hakukuwa na wa kuyala. Yakaota, yakakauka, yakangoja.

Soma Mithali 24:30-34. Mwenye hekima alipita karibu na shamba la mvivu akaona miiba imefunika kila mahali na ukuta umebomoka. Angalia vizuri: hakuna adui aliyekuja. Hakuna mtu aliyepanda miiba. Mwenye shamba hakufanya kitu, basi. Hiyo ilitosha.

Ndugu, ndoa nyingi haziharibiwi na siku moja mbaya. Zinaharibiwa na miaka ya kutolimwa. Mtoto ambaye hujaongea naye tangu aingie Form One, hiyo ni ekari ya majani makavu. Biashara ambayo vitabu vyake havijakaguliwa miaka mitatu, hiyo pia. Cheche ikija, tunalaumu cheche. Lakini cheche huanguka kila siku. Inayoanguka penye udongo mtupu inakufa.

2. KAA LILILOBAKI

Wacha niwatetee wale zima moto. Hawakuwa wazembe. Waliangalia kwa macho na hawakuona kitu. Shida ni kwamba moto ulio chini hauonekani kwa macho. Unataka mtu apige magoti, achimbe, aguse kwa mkono.

Sisi kanisani tunapenda sana kutangaza kwamba moto umezimwa. Ndugu wawili wanagombania shamba la baba. Wazee wanaitwa, pasta anakuja, wanapeana mikono, tunaomba, chai inanywewa. Tunashuhudia Jumapili kwamba Bwana ametenda. Lakini je, hati imegawanywa? Yule aliyekopa pesa za mazishi, amerudisha? Kama sivyo, hatujazima kitu, tumefunika tu na majivu. Krismasi wakikutana nyumbani, upepo ukivuma kidogo, boma lote linawaka.

Yakobo 3:5-6 inatuambia vile ulimi, kiungo kidogo, unavyoweza kuchoma msitu. Na Waebrania 12:15 inaonya kuhusu shina la uchungu linalochipuka na kuwachafua wengi. Ona, shina liko chini ya udongo. Msamaha wa kweli ni ule unaorudi baada ya wiki tatu kuuliza, "Ndugu yangu, lile jambo, bado lina joto?"

3. TARUMBETA LILILONYAMAZA

Hili ndilo linanikosesha usingizi. Maui ilikuwa na ving'ora karibu 80 vya kuonya watu. Siku hiyo havikulia hata kimoja. Havikuwa vimeharibika. Mkuu aliyehusika alieleza baadaye kwamba watu wamezoea ving'ora ni vya mawimbi ya bahari, kwa hivyo waliogopa wakivisikia watakimbilia mlimani, kwenye moto wenyewe. Siku iliyofuata maelezo hayo alijiuzulu. Mimi simhukumu. Alikuwa na sababu. Lakini wengi waliona moto kabla hawajapata onyo lolote.

Ezekieli 33 inasema mlinzi akiona upanga unakuja na asipige tarumbeta, damu ya waliokufa itadaiwa mkononi mwake. Haiulizi kama alikuwa na sababu nzuri.

Wapendwa, wacha niseme ukweli wangu. Miaka michache iliyopita dada mmoja mpendwa alinijia baada ya ibada na karatasi za mradi wa kuwekeza pesa. Waliahidi faida ya asilimia 20 kila mwezi. Mimi nimesomea biashara. Dakika mbili zilinitosha kuona hesabu haziingiani. Hakuna kazi halali inayolipa hivyo kila mwezi. Akaniuliza, "Pasta, unaonaje?" Na mimi nikijua kwamba aliyemleta kwenye mradi huo ni mtu wa kuheshimika kati yetu, nikaogopa kuleta mgawanyiko. Nikamwambia, "Tuombe juu yake, dada."

Tukaomba. Akaweka pesa. Kufikia Agosti wenye mradi hawakupatikana kwa simu, na karo ya watoto wawili ilikuwa imeenda.

Nilimwendea nikamwomba msamaha. Hakunikasirikia. Aliniambia tu, "Pasta, si ungeniambia." Maneno hayo matatu yamenihubiria kuliko semina nyingi. Nilificha woga wangu ndani ya maombi. Maombi ni mazuri, lakini Mungu alikuwa ameshanionyesha jibu. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Mambo ya Walawi 19:17 inaweka pamoja kumpenda ndugu na kumwonya. Kunyamaza kwangu hakukuwa upendo, kulikuwa kujilinda.

KUNA TUMAINI

Katikati ya Lahaina kuna mti mkubwa wa banyani uliopandwa mwaka 1873, wa jamii moja na mugumo wetu. Moto uliuchoma ukawa mweusi na majani yote yakakauka. Watu wakauletea maji na mbolea, siku baada ya siku. Wiki chache baadaye ukachipua majani mabichi. Ayubu 14:7-9 inaongea habari ya mti kama huo, uliokatwa ukanusa maji. Kama kwako kumeshaungua tayari, somo hili si la kukuhukumu. Leta maji. Mizizi bado iko.

WIKI HII FANYA HIVI

Lima: chagua eneo moja uliloacha (mtoto, ndoa, vitabu vya biashara) na uketi nalo saa nzima. Na pia ufyeke yale majani makavu yaliyo karibu na nyumba. Hiyo ni roho na ni mwili.

Gusa majivu: mpigie simu mtu mmoja ambaye "mlishamaliza naye" na umuulize kama kweli mlimaliza.

Piga tarumbeta: kama kuna mtu unayemwona akielekea kwenye moto, mwambie kabla ya Jumapili. Kwa upole, faraghani, lakini mwambie. Na ukisikia stima au gesi ina shida kwa jirani, usingoje. Kumbuka hasa wazee wanaoishi peke yao.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Ni jambo gani katika familia zetu tulitangaza limeisha kabla ya kugusa majivu?
2. Kwa nini ni rahisi kusema "tuombe" kuliko kusema ukweli?
3. Ni nani katika mtaa wetu hataweza kukimbia siku ya hatari, na nani kati yetu atamwendea?

OMBI

Bwana Yesu, tuonyeshe makaa tuliyofunika. Tupe magoti ya kuyatafuta, maji ya kuyazima, na ujasiri wa kuwaambia wenzetu kabla upepo haujavuma. Amina.