KIOO CHA KUPIMA KINA KIKIPOTEZA NAMBA

Somo letu la leo ni kutengeneza kioo cha chombo kinachopima kina cha maji kwenye boti. Mitumbwi mingi ya Ziwa Nyasa haina chombo hiki. Lakini baadhi ya boti za injini zinazokwenda Matema, Lupingu na Manda zinacho, na abiria wake ni sisi. (Lupingu na Manda zipo Ludewa, wilaya iliyokuwa ya mkoa wa Iringa mpaka mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012.)

Usiku mmoja tulikuwa tunakaribia ufuko upande wa Kyela. Kioo kilisoma 12. Nahodha akasema, "Mita 12, maji yapo." Punde boti ikapanda mchanga. Kumbe kina kilikuwa mita 1.2, ile nukta ndiyo ilikuwa haiwaki! Hakuna aliyeumia. Tuliingia majini tukasukuma, na magunia mawili ya mchele yakalowa.

Upande huo mito ya Songwe na Kiwira huleta mchanga ziwani, na mchanga huhama. Upande wa milima ya Livingstone ni kinyume, ziwa linashuka ghafla. Penye kina kirefu kabisa ni karibu mita 700. Chombo kidogo hupeleka sauti chini na kusubiri mwangwi wake urudi. Mwangwi usiporudi, kioo huonyesha vistari tu. Huo siyo ubovu, msikifungue bure.

Sasa chukueni njiti 7 za kiberiti, mpange tarakimu 8. Kwenye vioo vingi kila tarakimu hupangwa hivyo, kwa vistari 7. Ondoeni njiti ya katikati. Mnaona nini? Ni 0. Irudisheni, muondoe ya juu kulia: inakuwa 6. Na 7 ikipoteza kistari cha juu inakuwa 1. Basi kioo kibovu hakikosi namba tu, bali kinatoa namba ya uongo, na aliyejifunza kusoma ataisoma na kuiamini. Vyombo vingi vikiwashwa huonyesha 888 kwa muda mfupi. Hapo ndipo pa kukagua kila kistari na kila nukta.

Kama kioo chote kimefifia, anzeni na betri. Vichwa vyake vikiota ukungu mweupe au wa kijani, vifungueni, msugue kwa msasa, mfunge kwa nguvu na kupaka grisi. Kama kioo kimekuwa cheusi kwa jua kali, kifunikeni kipoe. Mara nyingi namba zitarudi. Lakini doa jeusi kama wino uliomwagika maana yake kioo kimepasuka ndani. Hicho hakitengenezeki, ni kubadilisha. (Tena kuna miwani ya jua inayofanya kioo kizima kionekane cheusi. Vueni miwani kwanza kabla ya kumwita fundi.)

Vikikosekana vistari vichache tu, ugonjwa mara nyingi uko kwenye ukanda wa mpira. Ukanda huu umebanwa kati ya kioo na bodi, nao ndio unaopitisha umeme. Ukiingia unyevu au skrubu zikilegea, baadhi ya vistari hufa. Ng'oeni waya wa betri kwanza. Fungueni skrubu taratibu, mkiangalia kila kitu kilikaa upande gani. Futeni ukanda, ukingo wa kioo na vijistari vya shaba vya bodi kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo. Msitumie petroli, inaharibu plastiki. Msishike kwa vidole, mafuta ya mkono nayo ni uchafu. Acheni vikauke kivulini, siyo jikoni karibu na moto. Mkirudisha, kazeni skrubu kidogo kidogo, mkivuka kutoka kona moja hadi ile inayoitazama, ili kioo kisipasuke. Mpira wa kuzuia maji ukiwa umekatika, wekeni mpya.

Mkikuta kioo kimeunganishwa kwa utepe mwembamba uliogandishwa kwa joto, acheni. Pelekeni kwa fundi wa elektroniki.

Kabla ya kusafiri, pimeni kwa kamba. Sisi tulifunga jiwe kwenye kamba na kupiga fundo kila mita moja. Tulisimamisha boti pale pale, tukashusha jiwe mpaka likagusa chini: mafundo 4. Kioo kilisoma 3.4. Tulishangaa, halafu tukakumbuka kwamba kipimo kimefungwa chini ya boti, zaidi ya nusu mita ndani ya maji, nacho huhesabu kuanzia hapo. Kamba ile bado tunayo botini.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Tarakimu 9 ikipoteza kistari cha juu kulia, inasomeka ngapi? Tumieni njiti.

2. Kioo kinasoma 25, na nahodha hana hakika kama nukta inawaka. Afanye nini kabla ya kuingia ufukoni?

3. Tafuteni kijijini mizani au chombo kingine chenye namba za namna hii. Kikiwashwa, vistari vyote vinaonekana?