Saa Inayoijua Februari

Maandiko: Zaburi 90:10-12, Luka 12:13-21

Ndugu mmoja kijana ameniuliza, "Pasta, ni makosa Mkristo kukusanya saa za bei?" Anapanga kuchukua mkopo wa SACCO anunue ya kwanza, maana ameambiwa saa ni uwekezaji. Swali ni zuri na sitalijibu kwa kukemea.

Saa anazozipenda ni zile za kalenda ya kudumu. Saa ya kawaida yenye tarehe hudhani kila mwezi una siku 31, mengine unarekebisha mwenyewe. Hizi zina gurudumu dogo linalozunguka mara moja kwa miaka minne, na ukingo wake umechongwa mabonde. Mwezi wa siku 30 una bonde lake, Februari ina lake lenye kina zaidi, na ule mwaka mrefu umewekewa la siku 29. Hakuna betri, hakuna kompyuta. Ni meno na springi tu! Kazi kama hiyo hunikumbusha Bezaleli, fundi wa Kutoka 31, ambaye Mungu mwenyewe alimjaza ujuzi. Kwa hivyo kupenda ufundi si dhambi.

Sasa tuje kwa pesa. Mwaka 1941 kampuni ya Patek Philippe ya Geneva, Uswisi, ilianza kutoa modeli 1518. Zilitengenezwa 281 tu, karibu zote za dhahabu. Za chuma cha pua zinazojulikana ni nne. Mwaka 2016 moja ya hizo za chuma iliuzwa mnadani kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi, yaani zaidi ya shilingi bilioni moja. Jameni, chuma kimeipita dhahabu! Nilisomea biashara, na sababu si ngumu: bei ile ni ya uchache. Mnunuzi analipia kwamba wengine hawana. Tena anayefaidika mnadani kwa kawaida ni mtu aliyekuwa na pesa za kulaza miaka mingi. Mkopo haulali. Riba inakuja kila mwezi, na saa haikuletei hata shilingi ya kuilipa. Ndugu yangu, huo mkopo usiuchukue.

Yule tajiri wa Luka 12 hakuiba. Mavuno aliyahesabu sawasawa. Miaka ndiyo aliyoihesabu vibaya.

Hata saa hizi zina mahali zinapokosea. Kwa kalenda yetu, mwaka unaofunga karne si mrefu isipokuwa unagawanyika kwa 400. Mwaka 2000 uligawanyika, 2100 haugawanyiki. Karibu saa zote za aina hii hazilijui hilo, kwa hivyo baada ya Februari 28, 2100, zitaonyesha 29, na mtu atalazimika kuzisogeza kwa mkono. Atakuwa nani? Mtoto aliyezaliwa 2020 atakuwa na miaka 80, umri ule ule Zaburi 90 inaoutaja kwa mwenye nguvu. Na tazama, Musa pale haombi aongezewe miaka. Anaomba afundishwe kuhesabu.

Nyingi za saa hizi hufungiwa kwenye sefu, zikaishiwa nguvu na kusimama. Wengine hununua sanduku la umeme la kuizungusha saa isisimame. Yaani sanduku ndilo linalovaa saa!

(Na nyinyi mnaonong'ona kutununulia wachungaji saa: tafadhali. Simu zinatuonyesha wakati, na paa la darasa la watoto linavuja.)

Kwa ushirika wa nyumbani Jumatano hii, njoo na kalamu. Chukua 80, toa umri wako, zidisha kwa 52. Mwenye miaka 35 atapata Jumapili 2,340, Mungu akimjalia. Andika nambari yako, kisha chini yake andika majina ya watu watatu unaotaka wapate sehemu ya siku hizo. Tutayaombea kwa majina. Waliopita 80 hawana hesabu ya kufanya. Wao ndio watakaotuongoza kuomba.