Mtoto Anayejibiwa: Kulea Hisi na Hisia Nyumbani Cibitoke

Katika kiwanja kimoja cha Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura, utakuta familia tatu nne zikitumia bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. (Cibitoke ninayoisema ni mtaa wa mjini, jirani ya Ngagara na Mutakura, si ule mkoa wa zamani unaoelekea mpaka wa Kongo.) Wazazi wa hapa husikia kwamba mtoto anahitaji vitu vya kumchangamsha akili, wakaona kwenye simu michezo ya plastiki ya kila rangi, wakahesabu faranga zao na kukata tamaa. Hesabu hiyo imeanzia pabaya. Kiwanjani humo humo mna maji, mchanga, harufu ya ndagala zikikaangwa, sauti za lugha mbili tatu na mikono mingi ya kumbeba. Kinachopungua mara nyingi ni mtu mzima wa kumjibu mtoto anapouliza kwa jicho, kwa mkono au kwa kilio.

Tuanze na mtoto mchanga wa siku chache. Huyu amekuwa akisikia tangu tumboni, na sauti ya mama yake anaijua kabla hajaiona sura yake. Macho yake huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, na huo ndio umbali wa kutoka kwenye titi hadi usoni pa mama. Basi saa ya kunyonyesha, simu ilazwe pembeni. Mtazame, mwite jina, kisha nyamaza kidogo umpe zamu. Atarusha mguu, atatoa kasauti, atakunja uso. Hayo ndiyo maongezi yake. Mjibu kana kwamba umemwelewa, maana baada ya wiki chache utakuwa umemwelewa kweli.

Wapo akina mama wa mjini wanaoona mbeleko ni ushamba. Wanakosea. Mtoto aliye mgongoni hupata joto la mwili, harufu anayoijua, na mwendo unaomfundisha mizani kila mama anapoinama, anapogeuka na anapochota maji. Ila mgongo peke yake hautoshi, kwa sababu mtoto anahitaji pia ardhi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 linashauri kwamba mtoto asiyeanza kutambaa alazwe kifudifudi, akiwa macho, kwa jumla ya angalau nusu saa kwa siku. Si lazima iwe kwa mkupuo mmoja. Tandika mkeka kivulini, mlaze, na wewe ujilaze mbele yake ili apate sababu ya kuinua kichwa. Akisinzia, mgeuze alale chali.

Malezi hufanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Charles Super aliwachunguza watoto wa Wakipsigis huko Kenya. Wazazi wao walikuwa wakiwafundisha kukaa, hata kuwachimbia kishimo kidogo cha kuwaegemeza, na kuwazoeza kutembea. Watoto hao walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Lakini kutambaa, ambako hakuna aliyejali kukufundisha, hakukuwahi. Mwili ulitangulia pale ulipofundishwa.

Sasa mikono. Mtoto wa miezi saba hadi mwaka na nusu hujifunza kwa kushika, kubisha, kumwaga na kutia mdomoni, na ndiyo maana humchosha kila mtu. Mpe sufuria na kijiko cha mti. Mpe beseni lenye maji kidogo na kikombe, amimine na kuchota huku umekaa naye, kwani mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yasiyofika hata kifundoni. Ukiitwa mlangoni, beba mtoto au mwaga maji. Kipande cha kitenge, gunia, ganda la ndizi na jiwe laini la ziwani lisiloingia mdomoni vina mguso tofauti, na tofauti hiyo ndiyo somo lake. Maharage, karanga na vifungo ni hatari kwa aliye chini ya miaka mitatu: huishia puani au kwenye koo. Imbabura (jiko la makaa) iwe mahali asipofika, na imalize kupoa kabla hujamwachia nafasi. Mchanga si adui, mradi kiwanja hakina kinyesi wala vigae, mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kula, na dawa ya minyoo inatolewa kwa wakati wake.

Kuonja nako ni kujifunza. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo, lengalenga iliyopondwa, ndizi, ndagala iliyosagwa, parachichi. Akitema leo usiandike kwamba haipendi. Mwonjeshe tena kesho kutwa, na tena, bila kumkaba. Hapa ni lazima jambo moja lisemwe waziwazi: uchunguzi wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Hakuna mchezo unaoziba pengo la chakula.

Watoto hawafanani katika hisi zao. Mmoja hulala huku spika ya jirani inatikisa bati, mwingine hulia kila unapomwosha kichwa. Mmoja hukataa nguo yenye mshono mgumu, mwingine hatulii kwa kurukaruka. Kabla hujamwita mkaidi, tafuta kinachomsumbua. Yule asiyevumilia kelele msogeze chumba cha ndani jioni. Yule wa maji mwanzie miguuni, umwambie kabla hujamwagia. Yule asiyetulia mpe kazi ya kuutumia mwili: abebe kibido (dumu dogo) cha lita moja au mbili, asukume ndoo tupu, asaidie kukanda unga. Kazi inayokaza misuli huwatuliza watoto wengi. Na kama ana usaha sikioni, au hageuki unapomwita kwa nyuma, usiseme ni mtukutu. Mpeleke kituo cha afya. Matibabu ya walio chini ya miaka mitano yalitangazwa kuwa bure Burundi tangu mwaka 2006.

Upande wa hisia ndio mgumu zaidi, na kwa Cibitoke una historia. Katika vita ya miaka ya 1990 mitaa ya kaskazini iligawanyika na watu wakakimbia nyumba zao. Mwaka 2015 Cibitoke ilikuwa miongoni mwa mitaa ya maandamano, na milio ya risasi ilisikika usiku. Wazazi wengi wa leo walikuwa watoto katika moja ya nyakati hizo. Mzazi anayeshtuka kila lango linapogongwa humwambukiza mtoto mshtuko huo bila kusema neno, kwa jinsi anavyomkamata na kwa jinsi pumzi yake inavyobadilika. Hilo si kosa lake. Lakini akilijua, anaweza kufanya jambo dogo: kushusha mabega, kuvuta pumzi polepole, kisha ndipo ambebe mtoto. Mtoto mdogo hawezi kujituliza peke yake. Huazima utulivu wa anayembeba.

Kwa sababu hiyo hiyo, ule mtindo wa kumtisha mtoto alale au ale, "nitamwita polisi", "nitakupa kwa yule mtu", uachwe kabisa. Badala yake, ipe hisia jina. "Umekasirika kwa sababu kaka amechukua mpira." "Umeogopa radi, hata mimi imenishtua." Mtoto akilijua jina la kinachomchoma, siku moja atalisema badala ya kung'ata. Kuitaja hasira si kuikubalia kila kitu: mpira unaweza kubaki kwa kaka. Na mvulana aachwe alie. Akina baba hapa wana kazi kubwa kuliko wanavyokiri, kwani mtoto wa kiume akimwona baba anakiri kuchoka au kuhuzunika, hujifunza jambo ambalo mama hawezi kumfundisha peke yake.

Mtafiti mwingine, Mary Ainsworth, aliishi Uganda mwaka 1954 na 1955 akiwatembelea akina mama na wachanga wao katika vijiji vya karibu na Kampala. Kitabu chake kilitoka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake humwacha, huenda kuchunguza, kisha hurudi kumgusa na kuondoka tena. Na akina mama wa watoto hao walikuwa na alama moja: waliweza kusimulia mambo madogo madogo ya watoto wao. Jipime kwa hilo. Mwanao anacheka anapoona nini? Akichoka hushika wapi, sikio au nywele?

Maswali hayo muulize yaya pia. Nyumba nyingi za Bujumbura humwacha mtoto mchana kutwa kwa msichana aliyetoka mkoani, wakati mama yuko soko la Kwa Siyoni au kazini. Yaya huyo ndiye anayeijibu nusu ya maswali ya mtoto wako. Mfundishe haya uliyoyasoma, mwachie muda wa kucheza naye, na usimtukane mbele ya mtoto.

Jioni, televisheni na simu zipungue. Mwongozo ule ule wa 2019 unasema skrini haifai kwa mwenye mwaka mmoja kushuka, na kwa wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Nafasi hiyo bibi aijaze kwa vitito na vihozo (hadithi na nyimbo za kubembeleza) vya Kirundi, au shangazi kwa hadithi za Kiswahili. Usilazimishe Kifaransa cha kubabaisha kwa ajili ya shule. Zungumza na mtoto lugha unayoweza kutania nayo na kubembeleza nayo.

Yapo mambo yasiyosubiri. Asiyeshtuka kwa kelele kubwa, asiyetabasamu kwa mtu akiwa na miezi mitatu, asiyekaa akiwa na miezi tisa, asiyeitika jina lake akifikisha mwaka, asiyetembea au asiyesema neno lolote akiwa na mwaka na nusu, aonwe na daktari. Anza na kituo cha afya cha karibu, na uende na kadi yake ya chanjo. Ukielekezwa mbele, Kamenge pana hospitali ya magonjwa ya akili na ya neva, na kwa watoto wenye ulemavu wa akili mjini kuna kituo cha Akamuri. Aliyekuwa akisema au akitembea kisha akaacha, usingoje akue: mpeleke wiki hiyo hiyo.