Dondoo muhimu: Solo yako itue wapi?

Kabla ya kukimbiza vidole, jua kila kordi imebeba noti gani. Chukua mzunguko unaosikika katika sebene nyingi: C, F, G. Ndani ya C mna do, mi na so. F ina fa, la na do. G ina so, ti na re. Wanakwaya mna bahati hapa, masikio yenu yameshazizoea.

Noti hizo ndizo nyumba. Zilizobaki ni njia, na njiani hapalaliwi. Jaribu kwenye uzi wa pili wa gitaa, ule unaofuata mwembamba kabisa: mwenzako ashikilie C, wewe piga freti ya 6, yaani fa, uiache ilie. Inagombana na mi iliyomo ndani ya kordi, nusu toni tu chini yake. Sasa shuka hadi freti ya 5. Umesikia ilivyotulia? Utamu wa solo uko hapo, katika kule kuvuta na kuachia, kwa hiyo usiziogope noti za nje. Zipe tu pa kwenda. Hata freti ya 4, isiyomo kabisa kwenye skeli ya C, inapendeza ikipita upesi kuelekea ya 5.

Kordi inapobadilika, pigo la kwanza litue kwenye noti yake. Mi ya C ikipanda freti moja inakuwa fa, na F imeshafika. Msikilizaji ataisikia hata mpiga rithimu akinyamaza. Anza polepole, huku ukiimba kile unachopiga.