Rusizi wakati wa mvua: hama mchana

Nyumba zetu nyingi huku Rusizi, Rwanda, zimekaa ubavuni mwa kilima. Mbele ni Ziwa Kivu, nyuma ni ukuta wa udongo uliochongwa ili kiwanja kipatikane. Kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikifululiza, kila asubuhi nazunguka nyumba na kupanda kidogo mteremko wa nyuma. Natafuta dalili za maporomoko ya ardhi: ufa mpya ardhini, mti ulioanza kuinama, mlango unaokwama bila sababu, au chemchemi iliyogeuka tope. Nikiona hata kimoja, tunahamia kwa ndugu walio mbali na miteremko.

Tunahama mchana, kabla giza halijaingia. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na wengi yaliwakuta usingizini. Siku hizo hizo, ng'ambo ya ziwa, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, nchini Kongo, vilipoteza zaidi ya watu 400.

Vitambulisho, kadi za bima, hati ya shamba, dawa na tochi vikae pamoja ndani ya mfuko wa plastiki, karibu na mlango. Udongo ukianza kushuka, viache hivyo vyote. Kimbia kuelekea pembeni. Bondeni ndiko tope linakokwenda.

Lililo gumu kuliko yote ni jirani akifukiwa. Kila mtu hushika jembe, na ni haki yake. Lakini Julai 2024, kule Gofa, Ethiopia, waliokwenda kuokoa walifukiwa na poromoko la pili. Kwa hiyo pigeni 112, wachimbe wachache, na mmoja asifanye kazi nyingine ila kutazama mteremko, filimbi mdomoni. Akipuliza, wote watoke, hata kama sauti inasikika chini. Nalisema hili kwa uchungu.

Baada ya poromoko, usirudi kulala nyumbani mpaka mlima ukaguliwe. Piga picha za uharibifu kabla hujazoa tope, kisha uandikishe hasara kwa kiongozi wa mudugudu, yaani kijiji. Maji ya kunywa yachemshwe. Watoto wakishtuka mvua ikianza, kaa nao, usiwakemee.

Ukijenga tena, usichonge kilima wima. Maji ya paa yaingie tangini au mfereji imara, yasimwagike mteremkoni. Mifereji ya pamoja tunaizibua siku ya umuganda, yaani kazi ya jamii ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na tunaanza na ile iliyo juu ya nyumba za wazee wasioweza kukimbia.