Mbao Pasipo Hati: Hadhari kwa Wajengao

Kwa kuwa malalamiko ya watu walionyang'anywa mbao zao njiani yamekithiri, na kwa kuwa aghalabu ya waliolalamika ni watu wema waliotoa fedha halali wakapewa mali haramu, Wakala wetu wa misitu umeona ni wajibu kumfahamisha kila ajengaye, tajiri kwa fukara, kwamba mbao haziwi halali kwa kuwa zimelipiwa.

Kujenga kwa miti ya nchini ni busara isiyo na shaka. Takriban nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliivuta hewani, nayo hukaa darini muda wote paa lisimamapo. Na msindano wa Sao Hill, Mufindi, au msaji wa Longuza, Muheza, haukuvuka bahari kumfikia seremala wa Dar es Salaam. Hata miti ya asili hupatikana kwa njia njema: mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na wanavijiji ndio wenye kuamua upi ukatwe na upi uachwe.

Hatari basi iko katika karatasi. Ufikapo bandani usianze na bei. Dai hati ya kusafirishia mazao ya misitu, uisome mwenyewe: aina ya mti, kiasi, ulikotoka, uendako, tarehe. Kisha, iwapo ni mninga au mkongo, tazama nchani alama ya nyundo ya serikali. Wako walaghai wanaobebesha hati moja shehena mbili, wakaikwangua tarehe kwa wembe. Iinue hati juani, na palipokwanguliwa patapenya nuru. Muuzaji akisema hati anayo dereva, usinunue. Akisema afisa ni jamaa yake, usinunue. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu mbao zisizo na hati halali kukamatwa na kutaifishwa, na maafisa wetu, wanaokesha vizuizini huku wakilipwa lawama badala ya shukrani, hawatasita.

Masharti ya vibali, ushuru na misamaha ni mengi. Afisa Misitu wa wilaya atayaeleza. Illa hata aliyekata mti alioupanda mwenyewe shambani mwake, akishapakia gari, asitie ufunguo kabla ya kuishika hati mkononi.