SOMO LA MWEZI: KUHESABU GHARAMA ZA OFISI YA PAMOJA

Soma: Luka 14:28–30; Matendo 18:1–3; Yakobo 5:4



Katika fungu la kwanza Bwana Yesu anatufundisha juu ya mtu atakaye kujenga mnara. Yampasa aketi kwanza ahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa na wapitao. Tumelichagua fungu hili kwa sababu vijana wetu wengi waliomaliza masomo wanafanya kazi kwa kompyuta, kila mmoja peke yake, chumbani au barazani. Umeme ukikatika, na kazi imelala. Baadhi yetu wanafikiri kuwafungulia ofisi ya pamoja, yaani nyumba yenye meza, umeme na intaneti, ambamo kila mtu anafanya kazi yake na wote wanachangia gharama. Wazo ni jema. Lakini je, nyumba hiyo itasimama hata mwaka wa pili?

1. Watu kwanza, nyumba baadaye

Paulo alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila akafanya kazi pamoja nao, kwa kuwa wote walikuwa mafundi wa mahema. Kilichowakutanisha ni kazi waliyokuwa nayo tayari. Katika siku zetu, Brad Neuberg, mtengenezaji wa programu za kompyuta, alifungua ofisi ya namna hii huko San Francisco mwaka 2005, kwa siku mbili tu za juma. Mwezi wa kwanza hakuja mtu hata mmoja. Aliyekodi siku mbili anaweza kuvumilia mwezi kama huo. Aliyekodi ghorofa nzima hawezi. Basi, kabla ya kutafuta nyumba, tutafute watu kumi walio tayari kulipa mwezi wa kwanza, na fedha yao iwe mkononi. Ahadi ya mdomo hailipi kodi.

2. Mkataba mrefu, wateja wa mwezi mmoja

Kampuni ya WeWork ilianza New York mwaka 2010, ikaenea katika nchi nyingi. Mwanzoni mwa mwaka 2019 ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47. Novemba 2023 iliomba mahakama ya Marekani iilinde na wadai wake. Iliendelea na kazi mwaka 2024, baada ya kuvunja au kubadili mikataba mingi ya kodi. Ilikuwa imejifunga kulipa kodi kwa miaka mingi, hali wateja wengi waliweza kuondoka kwa taarifa fupi. Wateja walipopungua, hasa wakati wa ugonjwa wa korona, kodi haikupungua. Hatari hiyo hiyo iko katika chumba cha meza ishirini. Mkataba wetu na mwenye nyumba uwe mfupi kadiri tuwezavyo.

3. Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano, kila msomaji abadili tarakimu kwa bei za kwao. Gharama za mwezi:

Kodi ya nyumba: Sh. 600,000
Mlinzi na msafishaji: Sh. 300,000
Umeme: Sh. 120,000
Intaneti: Sh. 100,000
Maji, sabuni na matengenezo: Sh. 80,000
Jumla: Sh. 1,200,000

Meza ni 20. Wengi watagawanya kwa 20 na kusema ada ni Sh. 60,000. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa maana meza moja tu ikikosa mtu, tumepata hasara. Ni busara kugawanya kwa meza 12, na ada inakuwa Sh. 100,000. Watu wakizidi 12, ziada iwekwe akiba hata itoshe gharama za miezi mitatu, yaani Sh. 3,600,000, na kutengeneza viti na meza zikichakaa. Kama vijana hawawezi Sh. 100,000, tupunguze gharama. Tusijifariji kwamba watu watajaa.

4. Deni la ndugu

Ugumu mkubwa kwetu Wakristo uko hapa. Kijana wa kwaya ameshindwa kulipa miezi miwili. Nani atamwambia aondoke? Kusamehe deni ni jambo la heri. Lakini deni hili si letu peke yetu: ndani yake umo mshahara wa mlinzi, na Yakobo anatuonya vikali juu ya ujira uliozuiwa. Afadhali ada ilipwe kabla ya mwezi kuanza, na uwepo mfuko mdogo wa msaada, unaojulikana, wa kumlipia aliyekwama. Hivyo huruma itakuwa na fedha yake, na mlinzi atapata haki yake.

5. Ukumbi wa kanisa

Kumbi nyingi za makanisa hukaa tupu Jumatatu hadi Ijumaa. Katika mfano wetu, kodi ikiondoka gharama ni Sh. 600,000, na watu 12 wataweza kulipa Sh. 50,000 kila mmoja. Ila Halmashauri iandike wazi kwamba kodi hiyo ni sadaka ya kanisa kwa vijana, na ni ya muda gani. Tena tukumbuke misiba: ukumbi ukihitajika ghafla, waliolipa watakaa wapi? Jambo hilo liamuliwe kabla ya siku ya kufungua.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Ni watu wangapi kati yetu watakaolipa mwezi ujao, na wataweza kiasi gani?
2. Mkataba ukiwa wa miaka mitatu na watu wakapungua nusu, nani atalipa?
3. Tutampa nani kazi ya kudai ada bila upendeleo?

Tuombe: Ee Bwana, utupe moyo wa kuwasaidia vijana wetu na akili ya kuhesabu kabla ya kujenga, ili kazi tunayoianza tuimalize. Amina.